Mdiria wa Uganda: maswali tunayoulizwa kila mara

Naongoza wageni kwenye mashua katika Mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Wanapanda kwa ajili ya viboko na tembo. Wakishuka, wengi wanauliza juu ya ndege mweusi na mweupe aliyekuwa akijirusha majini kama jiwe. Hapa nimekusanya maswali yao, pamoja na ya wavuvi, ya wafugaji wa samaki na ya watoto wa shule wanaonisimamisha njiani.

Mdiria ni ndege gani hasa?

Ni ndege mwenye kichwa kikubwa kuliko unavyotarajia kwa mwili wake, shingo fupi, na mdomo ulionyooka kama mkuki. Miguu yake ni mifupi sana, na vidole viwili vya mbele vimeungana kwa sehemu ya urefu wake, kama umevaa soksi moja kwa vidole viwili. Miguu hiyo haifai kutembea. Kazi yake ni kushika tawi na kusukuma udongo nje anapochimba. Kumbuka hilo la kuchimba, tutalirudia.

Uganda wako wa aina ngapi?

Zaidi ya 10, na hilo si jambo dogo. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege katika eneo lisilo kubwa, na mdiria amepata sehemu kila mahali: ziwani, mtoni, kwenye kinamasi, msituni, hata katikati ya mashamba ya mahindi.

Anayeonekana zaidi ni yule mwenye mabaka meusi na meupe. Kwenye mafunjo yuko mdogo wa buluu mwenye tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na shungi lenye mistari analolisimamisha akishtuka. Urefu wake ni kama sentimita 13 tu, na wageni wengi wanadhani ni ua mpaka aruke. Kando ya mito yenye miti yuko mdiria mkubwa, anayefikia sentimita 45, mkubwa kuliko wote Afrika, anayependa kaa. Katika misitu kama Semuliki na Budongo wako wale wa kificho: wa kifua cha buluu, wa mgongo wa rangi ya chokoleti, na yule kibete wa sentimita 10 hivi, mdogo kuliko mdiria wote duniani.

Kamusi inasema mdiria hula samaki. Mbona wa nyumbani kwetu hana maji karibu?

Kwa sababu karibu nusu ya mdiria wetu si wavuvi. Yule wa buluu na mweusi mwenye mdomo wa rangi mbili, juu mwekundu na chini mweusi, anakula panzi, mende, mijusi na wakati mwingine vyura. Utamsikia kabla ya kumwona: mlio mkali mmoja, kisha mtiririko mrefu unaoshuka taratibu, huku amefungua mabawa na kugeuka huku na huku juu ya tawi. Anataga kwenye mashimo ya miti yaliyochongwa na vigogota. Kwa hiyo ukikata mti mkavu uliosimama shambani kwa sababu "haufai kitu", huenda umembomolea nyumba.

Nitamtofautishaje dume na jike?

Kwa yule wa mabaka ni rahisi: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, tena mara nyingi umekatika katikati. Kwa aina nyingine nyingi ni kazi ngumu zaidi, na usijisumbue mwanzoni.

Anawezaje kusimama hewani bila kusogea?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Simama ukingoni siku yenye upepo, maji yakiwa na viwimbi. Mdiria wa mabaka anapanda mita kadhaa juu ya maji, anaukabili upepo, anainamisha mkia na kupiga mabawa haraka haraka. Mwili mzima unatikisika. Sasa tazama kichwa: kimetulia tuli, kana kwamba kimefungwa kwa uzi usioonekana. Mdomo unaelekea chini, macho hayabanduki kwenye sehemu moja ya maji. Asiporidhika anashuka kidogo, anasimama tena, anapima tena. Kisha anakunja mabawa na kuanguka.

Siku tulivu huwa hajisumbui hivyo. Anakaa kwenye tawi, kamba ya mashua au nguzo, na kuvizia kutoka pale, kwa maana kusimama hewani kunakula nguvu nyingi. Lakini uwezo huo ndio uliompa utajiri ambao wenzake hawana: anaweza kuvua mbali na nchi kavu, mahali pasipo na tawi hata moja, na samaki mdogo anammeza akiwa bado angani bila kurudi ukingoni. Kwa hiyo ziwa zima ni lake, wakati mdiria wengine wana vipande vya ukingo tu.

Anamwonaje samaki, wakati maji yanapotosha macho?

Umewahi kuona mwiko ukionekana umevunjika ndani ya sufuria ya maji? Samaki naye hayupo pale anapoonekana. Mdiria anasahihisha tofauti hiyo anapochagua pembe ya kujirusha. Jicho lake lina sehemu mbili za kuona kwa ukali, si moja kama letu, na anapogusa maji utando mwembamba hufunika jicho kulikinga. Hata hivyo hukosa mara nyingi. Usimhurumie akitoka mtupu. Anajikung'uta na kuanza upya.

Sharti moja tu haliepukiki: maji lazima yapenyeke kwa macho. Maji yakiwa tope, ufundi wote huo hauna kazi.

Kwa nini anampigapiga samaki kwenye tawi?

Anamuua, na kwa samaki wenye miiba anailegeza. Asubuhi moja niliegesha mashua karibu na mdiria mkubwa aliyekuwa na kaa. Alimshika mguu, akampiga kwenye kigogo kushoto, kulia, kushoto, mpaka miguu ikaanza kuruka majini mmoja mmoja. Alipobaki na kiwiliwili tu ndipo alipommeza. Samaki humgeuza kwanza ili kichwa kitangulie, magamba yasimkwame kooni. Ukimwona ameshika samaki kichwa kikielekea nje, basi hakuvua kwa ajili yake: anampelekea jike au makinda. Mifupa na magamba yasiyosagika huyatapika baadaye yakiwa kidonge kidogo cheupe.

Rangi ile ya buluu ni ya kweli?

Macho yako hayakudanganyi, lakini hakuna rangi ya buluu ndani ya unyoya. Niliwahi kuokota unyoya mmoja wa mgongo chini ya mafunjo. Juani uling'aa buluu. Nilipouinua kati ya jicho langu na jua, ukawa wa hudhurungi tu, kama jani kavu. Buluu ile inatokana na namna unyoya ulivyojengwa kwa ndani: vijenzi vidogo mno vinavyorudisha mwanga wa buluu na kuachia mwingine upite. Tumbo la rangi ya chungwa ni habari nyingine, pale pana rangi yenyewe.

Anataga wapi?

Mdiria wavuvi hutaga ndani ya ardhi. Watu wengi hawajui hili, hata waliokaa ziwani maisha yao yote.

Dume na jike huchagua ukingo wa udongo uliosimama wima na usio na majani. Wanaanza kuurukia kwa mdomo, kila pigo likidondosha punje chache, mpaka papatikane mahali pa kushika. Kisha wanachimba kwa zamu na kusukuma udongo nje kwa miguu. Kazi inaweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Mwisho panakuwa na handaki la mita moja au zaidi, linalopanda kidogo kuelekea ndani ili maji yasituame, na chumba mwishoni. Mdiria mkubwa anaweza kuchimba refu kuliko hilo mara kadhaa. Mayai ni meupe kabisa, maana kizani hakuna haja ya kuyaficha kwa madoa. Wa mabaka hutaga kwa kawaida 4 hadi 6, na wazazi huatamia kwa siku 18 hivi.

Ukitaka kujua kama tundu lina wenyewe, usiingize mkono wala kijiti. Tazama mlango kwa darubini. Chini yake utaona mifereji miwili midogo sambamba, alama ya miguu inayoingia na kutoka kila siku. Upepo ukitoka tunduni kuja kwako utasikia pia harufu ya samaki waliooza, kwa sababu chumba hakifagiliwi na sakafu yake ni mifupa na magamba. Makinda hukaa humo wiki tatu na zaidi, manyoya yao yakiwa bado ndani ya ala, wamejaa vijiti kama nungunungu. Adui zao ni kenge, nyoka na nguchiro.

Ni kweli wengine huwalelea wenzao watoto?

Ni kweli, na habari hii ni ya kwetu Afrika Mashariki. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria wa mabaka Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Aligundua kwamba jozi nyingi zina wasaidizi, wote madume, kwa kuwa madume ni wengi kuliko majike na baadhi hukosa mwenzi.

Wako wa namna mbili. Wa kwanza ni watoto wa kiume wa mwaka uliopita: wanabaki na wazazi, wanalisha wadogo zao, wanalinda tundu dhidi ya kenge. Wa pili ni wageni kabisa, wasio na undugu. Hawa hufika na samaki mdomoni na kumpa jike wa watu. Mwanzoni mwenye nyumba huwafukuza. Makinda yakishaanguliwa na njaa ikiingia, wengine hukubaliwa. Malipo yao ni matumaini: mwaka unaofuata mgeni anaweza kumpata jike yule yule.

Sasa sikiliza tofauti. Naivasha, samaki walikuwa rahisi kupatikana na wazazi waliwafukuza wageni. Ziwa Victoria, kuvua kulikuwa kugumu zaidi, na huko wageni walipokelewa, makinda yakapona kwa wingi zaidi. Ndege wale wale, tabia mbili, kwa sababu ya hali ya maji tu. Kila ninapowaona watatu au wanne wakipokezana kwenye tundu moja Kazinga, nawaambia wageni wangu: hao si jozi mbili zinazogombana, hiyo ni kaya.

Je, sangara walipowamaliza furu, mdiria waliathirika?

Walibadilisha chakula. Sangara, yaani mputa wa Waganda, waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na miaka ya 1980 wakazidi kiasi cha kuangusha idadi ya furu, wale samaki wadogo wanaoitwa nkejje, waliokuwa chakula kikuu cha mdiria. Watafiti waliochambua vile vidonge vya mifupa waliona mifupa ya dagaa ikichukua nafasi ya furu. Dagaa, au mukene, ni mwembamba na mwepesi, kwa hiyo ndege alihitaji kuvua samaki wengi zaidi kupata shibe ile ile. Alistahimili, lakini kwa jasho.

Wavuvi: mdiria hatumalizii samaki?

Hapana. Anachukua samaki wa urefu wa kidole. Sangara mmoja mkubwa humeza wadogo kwa namna ambayo mdiria hawezi hata kuikaribia, na nyavu zenye matundu madogo hufagia wadogo kwa mamilioni. Mzee mmoja wa Katunguru aliniambia yeye huwatazama kabla ya kushusha mtumbwi: wakijirusha sehemu moja mfululizo, samaki wadogo wapo hapo, na wakubwa hawako mbali.

Nina bwawa la samaki na vifaranga vinaisha. Nifanyeje?

Hapo una haki ya kulalamika, ndugu yangu. Bwawa la vifaranga, kwa mdiria, ni sahani iliyotengwa mezani. Funika bwawa la vifaranga peke yake, si mabwawa yote, kwa wavu uliovutwa ukakaza juu ya fremu. Wavu uliolegea hunasa ndege na kuwaua, nawe utaulipia mwingine. Ondoa nguzo na matawi yaliyoinamia maji ya bwawa hilo. Samaki wakishapita ukubwa wa kiganja, mdiria wa mabaka hana shida nao tena, fungua wavu.

Usitie sumu. Nakusihi. Sumu ya bwawani haichagui, itaingia kwa bata wako, kwa mbwa wako na kwenye sahani ya mteja wako.

Wako hatarini kutoweka?

Kwa dunia nzima, hapana. Mdiria wa mabaka ameenea Afrika na Asia, na ni miongoni mwa ndege wa maji wanaoonekana kwa urahisi sana. Lakini ndege anaweza kuwa salama duniani na kuisha kijijini kwenu, na hilo ndilo linalotokea mahali pengi Uganda.

Mwaka 1994 ardhioevu ilifunika zaidi ya asilimia 15 ya nchi. Kwa hesabu za serikali za miaka ya karibuni imebaki kama 13, na isiyoharibiwa ni chini ya asilimia 9. Mafunjo yamekatwa yakawa mashamba ya mpunga na miwa, viwanda na nyumba. Ukipita Kampala utaona ardhioevu za Lubigi na Nakivubo zilivyobanwa. Nakivubo inapokea maji machafu ya jiji na kuyapeleka ziwani. Lwera, kwenye barabara ya Masaka, mchanga umechimbwa mpaka pakabaki vidimbwi. Kwenye vilima, miti ikishakatwa na shamba likilimwa mpaka mtoni, mvua ya kwanza inageuza maji kuwa chai ya maziwa. Nimeshasema: maji ya tope, hakuna uvuvi.

Dawa za shambani zina njia yake. Zinaingia kwa wadudu na dagaa kidogo kidogo, na mla samaki hukusanya mwilini yote waliyokula samaki wake. Kuna pia nyuzi za ndoana zinazoachwa zikining'inia kwenye matawi, na manati za watoto. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya 1964, na kingo za chini zikazama. Hilo la mwisho ndege hawa wanalijua tangu zamani. Watachimba juu zaidi, kama kuna ukingo juu zaidi.

Kwa nini unasisitiza sana kingo?

Kwa sababu kila mtu anatetea miti na mafunjo, na hakuna anayetetea udongo mtupu.

Nilikokulia palikuwa na kijito chenye ukingo mwekundu wa urefu wa mtu mzima, na matundu saba. Nilikuwa nayahesabu nikienda kuchota maji. Msimu mmoja wafyatua matofali walikuja, wakaanza kukata ukingo ule kwa sababu udongo wake ulikuwa mzuri na tayari ulikuwa wazi. Siku mbili tu. Mdiria walikuwa wakirudi na samaki mdomoni, wakipiga kelele, wakizunguka mahali ambapo mlango ulikuwepo. Samaki mmoja alidondoka majini. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya, hakuna aliyejua ndani mna nini, nami nilikuwa mtoto, sikusema.

Tangu hapo naona jambo hilo kila mahali. Barabara inapokatwa kilimani, ndege huchimba kwenye ukuta wa udongo. Greda hupita na kuulaza. Watu wema wanaotaka kuzuia mmomonyoko hupanda majani au mikaratusi juu ya kila inchi ya ukingo. Wanafanya vizuri kwa mto, lakini wangeacha vipande vichache wima na vitupu. Na anayehitaji udongo wa matofali achimbe nje ya miezi ya matundu yenye makinda, au achimbe mbali na maji.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote. Si mali ya mtu kuuza. Kanuni za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa hifadhi: mita 200 kutoka maziwa makubwa, mita 100 kutoka mito mikubwa, mita 30 kwa mito midogo. Ukimwona mtu anajaza kifusi, anza na mwenyekiti wa kijiji na afisa mazingira wa wilaya, ukiwa na picha na tarehe.

Wanaposema "Kingfisher" kule Kikuube wanamaanisha ndege huyu?

Hapana. Ni eneo la mafuta kando ya Ziwa Albert lililopewa jina la Kiingereza la mdiria. Ndege mwenyewe naye yuko kwenye ufuo ule.

Nimeokota mdiria mdogo chini ya dirisha. Nifanye nini?

Mara nyingi ni yule mdogo wa vichakani, anayesafiri usiku na kujigonga kwenye vioo. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya, bila maji wala chakula. Baada ya saa moja au mbili fungua nje, karibu na kichaka. Wengi huondoka wenyewe.

Wapi na lini nitawaona?

Kazinga, muda wowote, wa mabaka ni wengi hata utachoka kuhesabu. Mabamba, karibu na Entebbe, panda mtumbwi asubuhi kumtafuta yule wa mafunjo. Wenzako watakuwa wanamtafuta korongo-nyangumi, yule ndege mrefu mwenye mdomo kama kiatu, wewe tazama mashina yaliyoinamia mkondo. Kwa wa msituni nenda Semuliki, na mwongozaji anayejua milio.

Nataka kumpiga picha karibu na tundu.

Kaa mbali, mita 30 au zaidi, na usikae kati ya tundu na maji. Mzazi mwenye samaki mdomoni anayekaa kwenye tawi bila kuingia anakungoja wewe uondoke. Ukiona hivyo, inuka uende. Makinda yanasubiri samaki yule.